Utafiti umethibitisha, mbona wodini hakuna?

Juni iliyopita, baridi ya Uyole ikiwa imekaza, dada mmoja anayeuza maparachichi pale stendi alinizuia kabla sijapanda gari. Mdogo wake alikuwa amejifungua mtoto njiti wa kilo moja na nusu, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Dada huyu alikuwa amesikia redioni kwamba njiti akifungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi. "Shikamoo mwalimu. Sasa kama wataalamu walishathibitisha, mbona pale mtoto wamemlaza peke yake na mama yuko wodi nyingine? Hawajui, au hawataki?"

Wengi wetu tukiulizwa hivyo tuna majibu mawili tu mfukoni. Hawajui, basi wapelekwe semina. Hawataki, basi wachukuliwe hatua. Nimefundisha wauguzi na wakunga kwa miaka mingi hapa Mbeya na nimewahi kuyatoa yote mawili. Mara nyingi yote mawili si kweli, na ukishika lolote kati yake, mtoto anaendelea kulala peke yake.

Wiki hiyohiyo wanafunzi wangu walikuwa wanabishana darasani kuhusu "kiunzi cha utekelezaji" kipi ni bora: CFIR, RE-AIM, EPIS au PARIHS, majina ya viunzi nitakavyovieleza mbele. Kila mmoja alishikilia cha kwake kama anayeshabikia timu. Walipomaliza niliona kwamba swali lao na la dada wa maparachichi ni moja. Wote wanauliza jambo linalojulikana kuwa zuri linafikaje kwa mgonjwa, na likikwama, limekwamia wapi. Nimeandika makala hii kwa ajili yao wote.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Ushahidi ni matokeo ya utafiti uliofanywa kwa uangalifu hadi tukaweza kuyategemea. Chukua hiyo huduma ya kumfunga njiti kifuani kwa mama yake, inayoitwa kangaruu. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria alipoona mashine za joto hazitoshi na watoto waliobanwa pamoja wanaambukizana magonjwa. Akawafunga watoto vifuani kwa mama zao. Miongo minne baadaye, mwaka 2021, yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto waliozaliwa na uzito kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilianza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, jingine likasubiri mpaka mtoto atulie, kama ilivyozoeleka. Katika siku 28 za kwanza, walifariki asilimia 12 ya kundi la kwanza na asilimia 15.7 ya kundi la pili. Vifo vilipungua kwa robo nzima, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki tena kuwasubirisha wengine. Huo ni ushahidi.

Mwongozo ni karatasi inayotokana na ushahidi: fanya hivi, usifanye vile. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kangaruu ianze mara tu mtoto anapozaliwa.

Utekelezaji ni yale yote yanayotokea kati ya karatasi ile na kifua cha yule mama. Hapo ndipo pana giza. Mwaka 2000 watafiti wawili, Balas na Boren, walipiga hesabu inayonukuliwa hadi leo: huchukua wastani wa miaka 17 kwa sehemu ndogo tu ya tafiti, kama asilimia 14, kufika kwa mgonjwa. Ni hesabu ya wastani na ina wakosoaji wake, lakini mkunga yeyote mwenye umri wangu ameiona kwa macho.

Sisi wa huku tuna mfano wake shambani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kimetoa aina za maharage ambazo kila mkulima wa nyanda hizi anazijua, Uyole Njano ikiwamo. Mbegu imepimwa, imethibitishwa, imefungwa kwenye pakiti yenye maelezo. Je, ndiyo imeshaota Umalila? Bado. Lazima duka la pembejeo liwe nayo kabla mvua haijaanza, bei iingie mfukoni mwa mkulima, jirani awe amejaribu na kuvuna, na mama wa nyumba akubali ladha yake na jinsi inavyoiva jikoni. Mbegu haijipandi. Wala mfano huu si wa kubuni kwa ajili ya makala. Everett Rogers, aliyeandika mwaka 1962 juu ya namna mambo mapya yanavyosambaa, alijenga hoja zake kwa kiasi kikubwa juu ya tafiti za wakulima wa Marekani waliochukua miaka kuipokea mbegu chotara ya mahindi. Fani nzima ya sayansi ya utekelezaji inadaiwa na wakulima.

Sasa kiunzi. Mtu aliyekulia kijijini ameona nyumba ya miti ikijengwa. Kabla udongo haujakandikwa, husimamishwa nguzo na kufungwa fito. Hicho ni kiunzi. Hakikukingi mvua, wala huwezi kulala ndani yake, lakini kinakuonyesha ukuta utapita wapi na mlango utakaa wapi. Kiunzi cha utekelezaji ni hivyohivyo: mpangilio wa mambo ya kuangalia ili jambo lenye ushahidi liingie kwenye huduma ya kila siku na libaki humo. Hakitibu mtu. Hakikuambii dawa gani ni nzuri, hilo lilishaamuliwa na ushahidi.

Gari la viazi kutoka Isyonje

Viunzi hivi viko vingi mno. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2012 yalihesabu 61. Mengine ya mwaka 2018 yakafikia 159. Mwanafunzi akisikia hivyo anakata tamaa, na simlaumu. Aliyetusaidia kupumua ni Per Nilsen wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden. Mwaka 2015 alivipanga kwa kuangalia kazi zake, akakuta kazi zenyewe ni tatu tu: kuongoza hatua, kueleza kinachokwamisha au kusukuma, na kupima mlikofika.

Fikiria gari la viazi linaondoka Isyonje kwenda Dar es Salaam. Tajiri wa mzigo anahitaji vitu vitatu vilivyo tofauti kabisa. Kwanza ratiba: tunapakia lini, tunalala wapi, tunashusha lini. Pili ukaguzi wa vikwazo: breki zikoje kabla ya mteremko wa Kitonga, mizani ya Makambako itasemaje, dereva amelala vya kutosha, mvua je. Tatu hesabu ya mwisho: magunia mangapi yamefika, mangapi yameoza, na je, safari ya wiki ijayo ipo? Hakuna tajiri mwenye akili anayeuliza kati ya ratiba, ukaguzi na hesabu kipi ni bora. Lakini ndivyo tunavyouliza tunapoweka RE-AIM na CFIR kwenye mizani moja.

Viunzi vya ratiba ni kama EPIS, kilichotolewa mwaka 2011 na Aarons, Hurlburt na Horwitz kutokana na kazi yao katika huduma za watoto na afya ya akili Marekani. Kina awamu nne: kuchunguza, kuandaa, kutekeleza, kudumisha. Mwenzake ni mzunguko wa maarifa hadi vitendo, wa Ian Graham na wenzake wa Kanada, wa mwaka 2006. Huo una hatua saba. Ninayoipenda zaidi ni ile inayokuamuru kurekebisha maarifa yaendane na mahali ulipo kabla hujaanza. Wengi tunairuka.

Viunzi vya ukaguzi ndivyo vinavyotisha kwa urefu. CFIR, kilichochapishwa na Laura Damschroder na wenzake mwaka 2009 na kusahihishwa mwaka 2022, kilikusanya nadharia nyingi zilizotangulia kikazipanga katika nguzo tano: jambo lenyewe mnalotaka kuleta, mazingira ya nje ya kituo, mazingira ya ndani, watu, na namna mnavyoendesha mabadiliko. Chini ya nguzo hizo toleo la kwanza lilikuwa na vipengele karibu 40. PARIHS ya mwaka 1998, iliyotoka kwa wauguzi wa Uingereza, ni fupi: inasema mafanikio hutegemea ushahidi, mazingira, na uwezeshaji, yaani kuwapo mtu ambaye kazi yake ni kuwashika wenzake mkono. Ilipotengenezwa upya mwaka 2016 ikaongeza wapokeaji, kwa sababu toleo la kwanza lilikuwa karibu limewasahau watu wenyewe. Kipo pia kiunzi kinachochimba ndani ya kichwa cha mtoa huduma mmojammoja, maarufu kwa jina la TDF. Hicho leo nakipita.

Vya hesabu, kinara ni RE-AIM cha Glasgow, Vogt na Boles wa mwaka 1999. Kinauliza mambo matano. Waliofikiwa ni wangapi na ni akina nani? Matokeo yamekuwa mazuri? Vituo na watoa huduma wangapi wamekubali kuanza? Wanafanya kama ilivyokusudiwa? Na je, kitu kinadumu? Swali la kwanza na la mwisho ndiyo tunayoyakwepa kwenye taarifa zetu za robo mwaka.

Iringa, 2010

Maelezo bila mfano huelea. Mfano wetu uko hapahapa.

Mwanzoni mwa karne hii, nyanda zetu za juu kusini zilikuwa zinateketea kwa UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007/08 ulikuta mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado una Njombe ndani yake, ukiongoza nchi: asilimia 15.7 ya watu wazima walikuwa na virusi. Wakati uleule matokeo ya majaribio matatu ya tohara yalikuwa yametoka, Orange Farm huko Afrika Kusini mwaka 2005, kisha Kisumu, Kenya, na Rakai, Uganda, mwaka 2007. Yote yalionyesha kwamba tohara inampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo lake mwaka huohuo wa 2007. Ushahidi upo, mwongozo upo.

Lakini Wahehe, Wabena, Wakinga, na huku kwetu Wasafwa na Wanyakyusa, kwa mila hatukuwa na jando. Hospitali zilikuwa na madaktari wachache na vyumba vya upasuaji vyenye foleni ya akina mama wanaohitaji kujifungua kwa operesheni. Ungemwambia nani aache kisu cha mama mwenye uchungu akatahiri kijana mzima asiyeumwa?

Ukikaa na CFIR ukatazama hali ile, nguzo zake zinajaa zenyewe. Jambo lenyewe ni upasuaji mdogo, hufanywa mara moja tu maishani: hilo ni jepesi. Mazingira ya nje: mila isiyo na jando, lakini pia misiba iliyokuwa imemchosha kila mtu. Mazingira ya ndani: wahudumu wachache. Watu: baba wa miaka 35 anayeona aibu. Namna ya kuendesha: je, tusubiri waje mmojammoja, au twende na kampeni?

Walioongoza kazi ile walichagua kampeni, na waliipanga kwa kuyajibu hayo. Wauguzi waliofunzwa waliruhusiwa kufanya upasuaji wenyewe. Vifaa vilifungwa mafungu kabla, vitanda vikapangwa ili mtoa huduma asikae bure akisubiri mteja ajiandae. Kisha wakachagua majira. Kampeni ilifanyika kati ya Juni na Agosti, kipindi ambacho shule hufungwa kwa muda, na ambacho watu wa huku tunaamini kidonda hupona upesi kwa sababu ya baridi. Mgeni angeiona imani hiyo kama kikwazo cha kuelimishwa kiondoke. Wao waliifanya ngazi. Katika wiki sita walitahiriwa wanaume na wavulana 10,352, wakati lengo lilikuwa 6,000, na matatizo ya upasuaji yalikuwa asilimia moja tu.

Hapo wengi tungepiga picha na kufunga ripoti. Sasa weka RE-AIM mezani. Ufikio: ni nani hasa aliyekuja? Hapa nchini waliojitokeza kwa wingi kwenye huduma hii walikuwa vijana wa miaka ya shule. Wanaume wazima, ambao ndio waliokuwa kwenye hatari ya papo hapo, walibaki nyumbani, na watafiti walipowauliza wakasema jambo ambalo mzee yeyote wa Mufindi angekueleza bila utafiti: huwezi kupanga foleni ya tohara na watoto wa rika la mwanao. Idadi ni ileile na mafanikio ni yaleyale, lakini swali la hesabu limefunua pengo ambalo swali la ratiba lisingeliona. Kwa kulijua, huduma zilianza kufikiria sehemu na nyakati tofauti kwa watu wazima.

Hiyo ndiyo tofauti ya viunzi hivi ikiwa kazini. CFIR ilikuonyesha mlango wa kuingilia. RE-AIM imekuonyesha nani amebaki nje.

"Wapelekwe semina"

Hii ndiyo imani ninayotaka kuing'oa kuliko zote, kwa sababu inakula fedha na inatupa amani ya uongo.

Huko Haydom, mkoani Manyara, kulifanyika jambo ambalo kila mratibu wa mafunzo angepaswa kulijua. Mwaka 2010 wakunga na wahudumu walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa amechoka, asiyelia: kumkausha, kumchangamsha, na kumpa pumzi kwa mfuko wa hewa ndani ya dakika ya kwanza. Mafunzo yalikuwa mazuri. Wahudumu walipopimwa kwa mwanasesere wa mafunzo, walikuwa wamepanda sana. Kisha watafiti wakafanya jambo la ujasiri: wakaangalia chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi. Hakuna kilichobadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013 bila kufichwa, na nawaheshimu mno kwa hilo.

Wahudumu walikuwa wanajua. Walikuwa wanataka. Mikono ilikuwa haijazoea, na dakika moja ni fupi mno kwa mtu kukumbuka slaidi.

Hawakuwarudisha semina. Walilileta zoezi wodini, mwanasesere akikaa palepale, mazoezi mafupi ya mara kwa mara katikati ya zamu. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Matokeo haya yalitoka mwaka 2015. Mti huo ulikua: mradi uliofuata uliingia katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, kila kituo kikiwa na wahudumu wake waliopewa jukumu la kuwaongoza wenzao. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada ya hapo vilipungua kwa karibu asilimia 18, na vifo vya akina mama vilishuka mno zaidi ya hapo.

Ukiwa na PARIHS mkononi, kisa hiki kinajieleza. Ushahidi ulikuwa uleule siku ya semina na baada ya mazoezi ya wodini. Kilichobadilika ni uwezeshaji: mtu wa palepale, anayejulikana kwa jina, anayesema "dada, njoo tufanye kidogo kabla hujatoka". Mganga mfawidhi akiniuliza aanze na kiunzi gani kwa kituo kidogo, humwambia aanze na PARIHS, si kwa sababu ni kamili bali kwa sababu maswali yake matatu yanatosha kwenye kikao cha asubuhi.

"Kilichofanya kazi kwao kitafanya kazi kwetu"

Mwaka 1972, Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kwamba mama anayekaribia kujifungua njiti akichomwa sindano ya steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa haraka na wengi huokoka. Ni moja ya sindano zilizookoa watoto wengi duniani. Basi watu wema wakasema, tuipeleke hadi vijijini. Jaribio kubwa likafanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo. Matokeo yalipotoka mwaka 2015 yalishtua: kwa ujumla vifo vya watoto wachanga viliongezeka, na dalili za maambukizi kwa akina mama zikaongezeka pia.

Je, sindano ilikuwa mbaya? Hapana. Mwaka 2020 jaribio jingine, Kenya ikiwamo tena, lilifanyika kwenye hospitali zenye uwezo wa kukadiria umri wa mimba kwa usahihi na kumhudumia njiti vizuri baada ya kuzaliwa. Hapo sindano ikaokoa watoto kama ilivyotarajiwa. Dawa ni moja, mahali ni tofauti. Pale ambapo umri wa mimba unakisiwa, sindano huwafikia akina mama wengi ambao watoto wao si njiti kabisa.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasione kipengele cha "mazingira" kama fomu ya kujaza. Na hapa viunzi vyenyewe vina upungufu ambao lazima tuuseme. Karibu vyote vimezaliwa Marekani, Uingereza na Kanada. Vinadhani kituo kina umeme, dawa zipo, na mshahara unaingia. Havikuwaza zahanati ambayo mfadhili akiondoka, daftari la rejista nalo linaondoka, au ambayo ndugu wa mgonjwa ndiye muuguzi wa usiku, mpishi na mfuaji. Mwaka 2020 kundi la watafiti waliopitia matumizi ya CFIR katika nchi za kipato cha chini na cha kati walipendekeza iongezwe nguzo nyingine, ya sifa za mfumo mzima wa afya, kwa sababu hiyohiyo. Ninaliunga mkono pendekezo hilo kwa moyo wote. Wewe unayeandika tasnifu Mbeya au Iringa, usikiogope kiunzi hadi ukakipigia magoti. Fito ikipungua, ongeza yako, kisha eleza kwa nini.

Jambo moja fupi kuhusu "ni uzembe tu wa manesi". Uzembe upo, sikatai. Lakini kituo kimoja kikishindwa jambo ambalo vituo vingi vimelishindwa, na wahudumu ni wengine kabisa kila mahali, tafuta sababu iliyo nje ya mioyo yao.

Turudi kwa yule njiti

Nilipiga simu, kisha nikaenda mwenyewe kesho yake. Muuguzi wa zamu, binti mwenye adabu na macho yaliyochoka, aliijua kangaruu vizuri kuliko mtangazaji wa redio. Aliijua mpaka namna ya kukunja kitenge.

Tulikaa naye na mkunga mkuu kwenye benchi, tukatumia maswali ya ukaguzi bila kuyataja kwa majina ya kigeni. Jambo lenyewe: wote walikuwa wanaliamini. Watu: mama alikuwa tayari, ila bibi wa mtoto aliogopa kumvua nguo mtoto mdogo kiasi kile kwenye baridi ya Juni. Mazingira ya ndani: hapo ndipo fundo lilipokuwa. Chumba cha watoto wachanga hakikuwa na kitanda hata kimoja cha mtu mzima. Kulikuwa pia na tangazo ukutani, la zamani sana, linalosema mama aingie kunyonyesha na kutoka. Hakuna aliyekumbuka nani alilibandika. Katika vituo vile vitano vya utafiti wa 2021, kitu kilichobadilishwa kwanza ni hichohicho: mama aliruhusiwa kukaa na mtoto wake usiku na mchana, yeye pia akihudumiwa palepale.

Semina isingeingiza kitanda mle. Barua ya onyo isingelibandua lile tangazo.

Mganga mfawidhi alikubali siku ileile vitanda viwili vihamishwe kutoka wodi ya wazazi. Bibi aliitwa akaweka kiganja chake mgongoni mwa mtoto, chini ya kitenge, akasikia joto la kifua cha mwanawe likipita. Hakusema neno, alikaza fundo tu. Kwenye rejista tuliongeza safu ya kuandika saa ambayo kila njiti ameanza kangaruu, ili mwisho wa mwezi ijulikane ni wangapi kati ya waliozaliwa wamefikiwa.

Nilipompitia dada wa maparachichi kumpa taarifa, alifurahi, akanichagulia matatu yaliyoiva. Halafu akaanza kupanga sado zake upya, akaniuliza bila kuniangalia, "Na huyu nesi akihamishwa, na huyo mganga akienda masomoni, vile vitanda si vitarudishwa?"

Hilo ni swali la tano la RE-AIM na awamu ya nne ya EPIS. Nimelipeleka kituoni. Mkunga mkuu ameandika majina ya wauguzi wawili wanaojifunza kushika kazi hiyo, na ameomba vitanda viingizwe kwenye orodha ya mali ya chumba cha watoto badala ya wodi ya wazazi. Ombi liko halmashauri. Tunasubiri.